Siku Mbili za Kusafisha Nyumba ya Mama

Mimi nikishika ufagio hata kuku wa jirani wananipisha. Nililelewa bwenini kwa masista, nikafundishwa unesi, na kote huko somo lilikuwa moja: kisichotumika kitoke, kilichochakaa kichomwe. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mkunga hospitalini Mbeya, na kota yangu ya vyumba viwili ilikuwa safi mpaka wageni wanaogopa kukaa.

Nilitaka mama yangu aje kuishi na mimi. Baba alikuwa amefariki, ndugu sina, na mama alibaki peke yake kwenye tembe letu kule milimani Iringa. Na mimi nilikuwa na hamu naye, hamu ya miaka. Walinipeleka bweni nikiwa mdogo, na tangu hapo mama nikawa namwona likizo tu, kama mgeni anayekaribishwa chai. Nilitaka niamke nimsikie akikohoa chumba cha pili. Nilitaka anigombeze kwa mambo ya kila siku.

Alikataa mwaka wa kwanza, akakataa wa pili. Wa tatu akasema, "Nitakuja, ila nipe pa kulima." Weee, niliruka! Nyuma ya kota palikuwa na kiwanja kimejaa majani. Nikakifyeka hata kabla sijaomba likizo.

Likizo yenyewe nilipewa siku sita. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, zikabaki mbili za kumaliza nyumba ambamo watu wameishi tangu enzi za babu. Matroni alisema nikichelewa zamu nisimletee maneno. Nilifika Iringa nimejaa vumbi la kutoka Chimala mpaka kope zimekuwa nyekundu, na kabla sijanywa hata maji nikaanza kutoa vitu nje.

Niligawa uwanja mafungu matatu: vya kwenda Mbeya, vya kuwapa majirani, vya moto. Fungu la Mbeya lilikuwa dogo. Mama alikuwa akizunguka nyuma yangu, anaokota kile nilichotupa, anakipangusa kwa kiganja. Mkeka umetoboka. Mpini wa jembe bila jembe. Chungu kisicho na mdomo.

"Kaa kwanza, mwanangu, nikueleze hiki kilitoka wapi."

"Utanieleza kwenye basi, mama."

Kwenye basi hakunieleza kitu. Hakuwa amezoea gari, akatapika mpaka Makambako, akafumba macho mpaka Mbeya. Lakini nimetangulia mbele ya habari.

Siku ya pili mchana kazi ilikuwa karibu imekwisha. Mama alikwenda kaburini kumuaga baba, kisha apitie kwa majirani. Nikabaki na ufagio wangu. Ndipo nikakiona: juu ya moto, kwenye uchaga, kilining'inia kibuyu kimoja cheusi kwa masizi, mdomo umezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Vingine vyote vya uchagani mama alikuwa ameshusha mwenyewe asubuhi. Nikasema, ala, basi hiki hata yeye amekikataa. Nikakishika kwa ncha za vidole, nikakitupa kwenye moto wa uwanjani. Kilipasuka, kikalia pa, pa, pa, na mimi nikaendelea kufagia.

Mama aliporudi aliinua macho uchagani. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba.

"Umekishusha mwenyewe?"

"Ndiyo mama, nimeshusha vyote. Twende, gari halingoji mtu."

Akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama. Nikadhani amefurahi kuona nyumba ilivyotakata. Mjinga mimi!

Wiki zilizofuata Mbeya sijui nizielezeje. Mama alilalamika baridi, akalalamika ukuta mweupe, akalalamika kwamba nakula nimesimama kama punda. Asubuhi alikohoa chumba cha pili. Nilikuwa nalala pale nikimsikiliza, sitaki kuamka, mtu mzima na cheo changu, nikitabasamu peke yangu. Mpaka leo nikipata homa, sauti ninayoitamani ni kile kikohozi.

Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa zamuni. Niliporudi nilimkuta ameoga, amevaa kanga mpya, ameketi mlangoni na jembe pembeni. Kiwanja kizima kilikuwa kimelimwa.

"Haya, mwanangu. Kilete."

"Nilete nini, mama?"

"Kibuyu chako."

Akaona sijui. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kule kwetu kibuyu cha mbegu hakifungwi na mizigo. Hubaki juu ya moto mpaka mwenye nyumba anapohama, ndipo akishushe mwenyewe na kukibeba mkononi. Na binti akikishusha kabla hajaambiwa, amekwisha kusema: mama, pumzika, shamba sasa ni langu. Wasichana waliokulia jikoni wanalijua hilo kabla hawajaota meno ya pili. Mimi nilikulia kwenye kengele za bweni.

"Nilikichoma, mama. Nilidhani ni uchafu."

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ulikifungua kwanza?"

"Hapana."

"Hata kuchungulia?"

Yalikuwa maharage ya madoa mekundu, aliyopewa na mama yake, naye alipewa na mama yake. Nilimwambia nitamnunulia mengine sokoni, gunia zima. Lo! Maneno mengine mtu angeyameza.

Wiki ile ile alipanda basi kurudi Iringa. Alisema ng'ambo ya kijito kuna mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumgawia mbegu ile, atamwomba kidogo, na kwa kuwa mvua haisubiri atapanda huko huko. "Nikishapanda narudi." Nilimwamini. Nilimtandikia kitanda, nikawa nabadilisha shuka kila Jumamosi.

Salamu zilikuja kwa wasafiri. Mama yako anapalilia. Mama yako hajambo, maharage yametoa maua. Mama yako anavuna. Hapo nikaomba ruhusa nimfuate.

Nilimkuta ndani ya nyumba niliyoifagia, ameketi juu ya jiwe, maana vigoda nilivigawa. Sufuria moja, ya kuazima. Analala juu ya nyasi kavu. Nikalia. "Mama, twende nyumbani, kitanda chako kipo."

"Kwako ni kuzuri, mwanangu," alisema. "Lakini kule sijui mikono yangu niiweke wapi."

Nilikuwa bado namsihi pale binti wa yule mwanamke wa ng'ambo alipoingia. "Kamwene," akatusalimu, akaenda moja kwa moja mekoni. Akanyoosha mkono bila kuomba ruhusa, akashusha kibuyu kipya, akakitikisa sikioni, akakizibua, akakiongezea majivu ya kuzuia wadudu, akakiziba tena. Safari hii nilijua ninachokiona. Nikamgeukia mama.

"Huyu anashinda hapa," alisema, akinipapasa mkono. "Wewe una kazi nyingi."

Alisema kwa upole, hana kinyongo hata chembe, na mimi nilitamani angenitukana. Nilitaka kumwambia kwamba sina kazi, kwamba kazi naiacha leo hii, kwamba kibuyu anipe mimi. Lakini alikuwa ameshaniona. Pale alipokuwa akinipapasa mkono, nilikuwa nimekwisha kuitazama saa yangu, nisije nikaachwa na gari.