Maharusi wa Daraja la Tatu

Kuna uwezekano gani mtu mwenye tiketi ya kukaa akapewa kitanda bure? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku wa kuamkia safari yetu ya Tabora. Nililala chali nikitazama bati, nikimsikiliza bibi yangu akikoroma chumba cha pili, na kila alipokoroma nilimwambia moyoni: lala, bibi, lala leo, maana ya kesho siyajui.

Bibi alikuwa anakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Mara ya kwanza tulisafiri kwa basi, akafika hajafumba macho hata kidogo, presha ikawa juu, daktari akakataa kumgusa. Akaturudisha nyumbani Katumba na tarehe nyingine. "Mama huyu afike amepumzika," alisema, akinitazama mimi, kana kwamba usingizi wa bibi ni kitu ninachoweza kukifungasha kwenye begi.

Ndiyo maana safari ya pili nilichagua treni, ambako mtu anaweza kujinyoosha. Lakini nilipofika kwenye dirisha la tiketi pale Mpanda, vitanda vya wanawake vilikuwa vimekwisha. Vya wanaume vilibaki. Kwenye behewa la kulala wanaume wana vyumba vyao na wanawake vyao, na familia haichanganyiki mpaka ichukue chumba kizima. Nikasimama pale nikiwaza hadi watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwishowe nikakata tiketi za daraja la tatu, viti vya kukaa, nikaondoka nikiwa na hakika kwamba nimekosea, ila sikujua nilipaswa kufanya nini kingine.

Jioni ile nikafanya kile ninachofanya kila nikiwa na wasiwasi tangu nimalize chuo: nikaingia kwenye simu. Nikaandika swali langu. Simu ikaniletea meli. Meli kubwa nyeupe za watalii, zenye ghorofa kama hoteli, na watu walioandika kwa undani namna ya kuhamishwa bure kutoka chumba kisicho na dirisha hadi chumba chenye baraza. Safiri msimu usio na watu. Fika mapema. Vaa vizuri. Wasemeshe wahudumu kwa upole. Wajulishe kama mna sherehe yoyote, hasa kama nyie ni maharusi. Mmoja alimalizia kwa kusema kwamba hata ukifanya yote hayo, usitegemee sana. Huyo nilimchukia.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, na bibi alikuwa kwenye kigoda karibu yangu akichambua maharage kwa vidole, kwa sababu macho yalishaacha kumsaidia.

"Maharusi wanapewa chumba kizuri?" aliuliza.

"Huko kwenye meli, bibi."

"Na kwenye treni?"

"Treni sijui."

Akatupa kokoto pembeni. "Sasa unahangaika nini, mume wangu?"

Mimi ni mume wake tangu natambaa. Mume mvivu, mume asiyeleta nyama nyumbani, mume aliyesoma mpaka akasahau jembe linashikwa wapi. Babu alipokuwa hai, walikuwa wanagombana kwa ajili yangu mbele ya wageni, bibi akimtishia kwamba atahamia kwangu. Akifurahi sana ananiita kwa Kirundi cha kwao, mugabo wanje, mume wangu, na akisema hivyo mbele ya wasichana huwa natamani ardhi ipasuke. Jioni ile nilirudi kwenye simu. Nilikuwa natafuta kama Jumanne, siku ya safari yetu, ni msimu wenye watu au usio na watu.

Kesho yake nilivaa suti ya mahafali. Jua la Mpanda halina huruma na suti, na kabla hatujafika kituoni shati lilikuwa limeshika mgongo. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka. Tulifika mapema kiasi kwamba mbuzi walikuwa bado wanatembea jukwaani. Treni ilipoanza kupakia, nilimwona mhudumu wa behewa la kulala, mama wa makamo mwenye sare, amesimama mlangoni. Nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi sentensi yangu.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba kuuliza, kwa heshima kabisa, endapo itatokea kwamba mtu mwenye..."

"Sisi ni maharusi," alisema bibi.

Mhudumu alimtazama bibi, fimbo yake, na jicho lake lenye ukungu. Kisha akanitazama mimi na suti yangu.

"Hongereni," alisema. "Ndoa ya lini?"

"Bado mbichi."

"Na bwana harusi mbona anatoka jasho hivyo?"

"Ndiyo mara yake ya kwanza," alisema bibi. "Mimi nimeshazoea."

Mama yule alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akajifuta macho, akatupa pole. Vyumba vya wanawake vilikuwa vimejaa vyote. Tukae tu kwenye viti vyetu, Mungu ni mwema. Nilimshika bibi mkono nikamwongoza daraja la tatu, nikijilaumu kwamba sikuimaliza sentensi yangu.

Mbele yetu alikaa baba mmoja wa Majimoto aliyekuwa anampelekea dada yake mchele, kiroba kikubwa amekilaza chini katikati yetu. Aliniuliza kama mimi ni wakili. Bibi akamwambia hapana, ni mume wangu.

"Mahari alitoa ng'ombe wangapi?" aliuliza yule baba, bila hata kutabasamu.

"Hata kuku sikuona."

"Basi umeolewa bure, mama."

"Ndiyo nasema, angalau anitafutie kitanda."

Watu wa viti vya jirani wakacheka, mwingine akasema mimi nina uso wa mtu anayedaiwa, na kwa muda nikasahau kuwaza. Treni ikaacha nyumba za mji nyuma, tukaingia kwenye msitu wa miombo. Lakini tulipopita kituo cha pili niliona bibi anahamisha uzito kutoka upande mmoja wa nyonga kwenda mwingine, kisha anarudi, kisha tena. Na alikuwa ameacha utani. Bibi akiacha utani, ujue anaumia.

Nikainuka kwenda kumtafuta mhudumu. Nikafika kwenye kiungo cha mabehewa, nikarudi. Nikisisitiza, si ataona kama namshawishi apokee kitu? Na kama kuna mgonjwa zaidi ya bibi? Nikainuka tena, nikarudi tena. Baba wa Majimoto alikuwa ananifuata kwa macho tu, kama mtu anayemwangalia ndama aliyekata kamba.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipoisikia sauti ya mhudumu kutoka mwisho wa behewa.

"Maharusi wangu wako wapi?"

Watu wote wakatuonyesha kwa vidole. Akaja, akainama kwa bibi akaeleza. Kuna mama aliyelipia vitanda viwili, chake na cha binti yake, na binti ameshindwa kusafiri dakika za mwisho. Mama huyo amesema hawezi kulala kando ya kitanda kitupu wakati kuna watu wazima wanakesha kwenye viti. Kamwomba mhudumu amtafutie mama mmoja wa kumpa. "Nikamkumbuka bi harusi," alisema. "Kitanda cha chini, hutapanda popote."

Hapo nilipaswa kuruka kwa furaha. Bibi ndiye aliyewahi kusema.

"Na huyu?"

"Huyu ni mwanaume, mama. Haingii."

"Ni mume wangu."

"Ndiyo maana haingii. Humo kuna wanawake, watakunyang'anya."

Behewa zima likaangua kicheko, bibi naye akacheka. Kisha akanivuta mkono mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. "Sioni," alisema taratibu. "Nikiamka nitamshika nani?"

Kumbe ndilo swali nililokuwa nalo mimi pia. Nilikuwa nimekiomba kitanda kile siku nzima, na sasa kilipokuja nikaanza kutafuta sababu za kukikataa. Choo kiko upande gani? Dawa ya presha atajuaje ni ipi? Akijikwaa? Akiamka asijue yuko wapi, akaniita, na mimi niko mabehewa mangapi nyuma? Nilimuuliza mhudumu kama naweza kusimama koridoni nje ya mlango.

"Koridoni hakai mtu, baba. Unazuia njia."

"Kijana," alisema baba wa Majimoto, "mkeo kapata kitanda, wewe unafanya kikao?"

Nilimtazama bibi. Alikuwa amehamisha uzito tena. Nikaona kwamba akibaki karibu yangu, mimi ndiye nitakayetulia, na yeye atafika Tabora kama alivyofika mara ya kwanza.

Nikachukua begi lake. Nikauweka mkono wake begani kwangu, kama tunavyotembea nyumbani kwenda kanisani, tukamfuata mhudumu. Kwenye kila kiungo cha mabehewa nilimwambia inua mguu, naye akainua.

Mama mwenye kitanda alikuwa mtu mpana, mwenye Kiswahili kizito cha Kisukuma, na alikuwa ameshatandika kanga yake juu ya godoro. Bibi alikaa, akalipapasa godoro kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyopapasa mpunga kwenye mkeka kujua kama umekauka. Nikaanza kueleza nikiwa mlangoni: dawa ni ile yenye kifuniko chekundu, nyonga inayomuuma ni ya kushoto, akiamka huwa...

"Mimi pia nina mama, baba," alisema yule mama. "Nenda."

"Mume gani huyu anasimama mlangoni kwa wanawake," alisema bibi, naye alishaanza kuvua viatu. "Nenda ukalale, mugabo wanje."

Sikujua bado kwamba Tabora angeshuka akiwa na habari za wajukuu wote wa yule mama, wala kwamba presha ingekuwa nzuri, wala kwamba leo angekuwa anachambua maharage kwa macho na kunigombeza kwa kokoto ninazoacha mimi. Nilichokuwa nacho pale ni miguu yangu na mlango uliofungwa. Nikaamua sitarudi kuchungulia mpaka Tabora.

Nikarudi daraja la tatu. Baba wa Majimoto alikisogeza kiroba ili niweke miguu juu yake. Nikavua koti la suti, nikalikunja, nikalibana kati ya kichwa na dirisha. Simu nikaizima. Nikafumba macho.