Mayai ya Majirani na Umeme wa Gridi

Kosa langu la kwanza katika kujifunza umeme lilikuwa kuamini kwamba nchi ikizalisha wa kutosha, nyumbani kwetu Msamala hautakatika. Sikufundishwa na mtu. Nilisoma kwenye simu, na nilipokosea nilikosea peke yangu, tena kwa uhakika.

Nilikuwa nimechora kwenye karatasi ya manila uwezo wa mitambo ya nchi, mwaka hadi mwaka: mabwawa ya zamani, kisha gesi, kisha bwawa kubwa jipya, na mstari ukapaa. Niliurudia mchoro ule mara nyingi kwa sababu ya madoa ya wino ambayo hakuna mwingine aliyeyaona. Nikaubandika juu ya mashine ya kutotolesha vifaranga ya mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lililopashwa joto kwa taa ya chemli. Majirani walileta mayai. Vifaranga wakitoka, nusu wanabaki kwetu. Mama mdogo alizoea umeme wa mitambo ya dizeli, enzi ambazo Songea ilijitegemea, kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Upepo ukivuma upande wetu tuliisikia ikinguruma, na ilipoanza kukohoa aliwasha chemli zote kabla giza halijaingia.

"Huu wa gridi hausikiki," alilalamika. "Nitajuaje kama unaumwa?"

"Mama, angalia mchoro. Nchi sasa inazalisha zaidi ya inavyotumia. Utakatikaje?"

Aliutazama muda mrefu, akakubali. Nadhani mchoro haukumwambia kitu. Aliniamini mimi, na hilo ndilo linaloniuma. Nikafunga balbu na kipimajoto ndani ya sanduku. Chemli zote mama mdogo akampa ndugu yetu aliyekuwa anarudi shambani Namtumbo.

Asubuhi moja ya mvua mti uliangukia nyaya, umeme ukakatika. Sanduku lilikuwa limejaa mayai ya mtaa, mengi yamekaribia kutotolewa. Nilipiga simu, nikaambiwa mafundi wako njiani. Nikaanza kusoma tena takwimu za uzalishaji, kana kwamba zingeingia kwenye waya. Bwawa lilikuwa limejaa. Mitambo ilikuwa inazunguka. Kati ya bwawa na sanduku letu kulikuwa na mti mmoja.

"Tuweke jiko la mkaa ndani?" nilimuuliza.

"Kwenye sanduku la mbao? Uchome nyumba?"

Kipimajoto kilizidi kushuka. Mama mdogo alinisukuma bega. "Acha kukitazama. Nenda ukaulize nani ana kuku anayeatamia."

Nilienda nyumba kwa nyumba nikiwaambia wenye mayai kwamba mayai yao yanapoa. Nilikuwa natamani wasijue kabisa. Bibi wa nyumba ya pili aliitikia shikamoo yangu, halafu akacheka.

"Fundi wa gridi! Leo unaomba joto la kuku?"

"Ndiyo, bibi."

"Si ulituambia nchi ina umeme mwingi?"

"Upo, bibi. Haujafika."

"Haya, lete. Wangu ana mabawa mapana, ila wasomi anawadonoa."

Tulibeba mayai kwa beseni, tumeyafunika khanga, tukamwekea kila kuku machache. Kuku wa bibi alinidonoa kweli. Lakini kuku walikuwa wachache, mayai mengi. Yaliyobaki tuliyazungushia chupa za maji ya moto na blanketi. Umeme uliporudi jioni nilimulika yai moja moja kwa tochi, nikitafuta mshipa unaotikisika. Mengi yalikuwa kimya. Nikarudia kuyamulika, labda nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Vifaranga wa mayai yaliyoatamiwa na kuku walitoka. Hakuna aliyejua nani katoka yai la nani, kwa hiyo majirani wakagawana tu, na mama mdogo hakudai nusu yake. Hakuna aliyetugombeza. Jirani mmoja alisema taratibu, "Msimu ujao nitamwacha kuku wangu aatamie mwenyewe."

"Ni sawa, dada," mama mdogo akajibu. Kisha akaingia ndani, akaanza kufuta sanduku lililokwisha kufutwa.

Siku hizi umeme hukatika mara chache kuliko zamani. Mchoro niliutoa ukutani. Balbu ipo kwenye sanduku, na pembeni yake ipo chemli mpya yenye mafuta. Mayai yaliyomo ni ya kuku wetu tu.