Picha Haina Mtani

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, mto Kilombero ulimchukua baba yangu pamoja na mtumbwi wake, na shule yangu ikaishia hapo, darasa la nne. Sisemi haya ili mtu anionee huruma. Nasema ili ujue, mwanangu, kwamba anayekuandikia hakupewa kitu na mtu. Nimekata miwa kule Kidatu mpaka viganja vikawa vigumu kama soli. Nimebeba magunia ya mpunga mgongoni. Nilipofika miaka ishirini na minane nilikuwa na banda langu la video hapa Ifakara: kuta za matete, televisheni moja, deki moja, jenereta moja yenye kikohozi. Ndani ya banda hilo nilifanya kosa ambalo sijawahi kuliandika. Sasa naliandika, maana wiki iliyopita limeingia nyumbani kwangu kwa mlango mwingine.

Mjukuu wangu Neema, wa miaka saba, aliingia sebuleni analia. Binamu zake wa Morogoro, waliokuja likizo, walikuwa wameleta flashi yenye sinema, picha za zamani za watoto za Kizungu, picha za nyimbo na vichekesho za kutazamwa na familia nzima. Katika mojawapo mna kapteni wa meli, na mna watu weusi waliovaa majani, wanacheza ngoma kuzunguka chungu cha kupikia watu. Watoto wakaigeuza kuwa mchezo wao uwanjani.

"Babu, kila siku mimi ndiye mla watu," akasema. "Wanasema kwa kuwa mimi ndiye mweusi kuliko wote."

Mkwe wangu, mama yake Neema, aliichomoa flashi kwenye televisheni. "Baba, hii naitupa chooni sasa hivi."

"Mama Neema, acha makubwa," akasema mumewe. "Ni picha ya watoto tu. Hata sisi tumekua nazo. Tumekufa?"

"Wewe hukuitwa mla watu!"

Wakapandishiana sauti, kisha wakanigeukia mimi nikate shauri. Lakini mimi nilikuwa namwona Benedikto, mtani wangu, amesimama mbele ya televisheni, kama alivyosimama siku ile.

Sikiliza basi. Bandani kwangu watu hawakuja kuona picha tu, walikuja kunisikia mimi. Picha zilikuwa za Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa pembeni na kipaza sauti natafsiri. Natafsiri nini? Kiingereza nilikuwa sijui. Nilijua "yes", nilijua "no", yaliyobaki nilikuwa nayatunga, na nilikuwa nayatunga vizuri kuliko wenyewe. Usicheke. Watu walikuja hata kutoka Sanje.

Jumapili baada ya misa niliweka picha ya watoto. Kulikuwa na moja iliyopendwa kupita zote: kapteni wa Kizungu na watoto wake watatu wanasafiri kwa meli, wana mbwa mcheshi, na wana mtumishi mweusi mwenye mvi ambaye kazi yake ni kutoa macho na kukimbia. Anaogopa panya, anaogopa radi, anaogopa kivuli chake. Mbele ya safari wanafika kisiwani, na huko ndiko kuna watu wa majani na chungu.

Kapteni nilimpa sauti yangu mwenyewe, nene. Yule mtumishi nilimpa sauti ya Benedikto.

Benedikto alikuwa mvuvi na mvushaji wa watu pale Kivukoni, mwenye sauti nyembamba inayopanda mwisho wa kila neno, kana kwamba anauliza. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu babu wa babu. Ninyi vijana mnadhani utani ni kutukanana tu. Mtani wako atakuita mbwa katikati ya soko, nawe utamwita nguruwe, na mtagawana samaki. Ukifiwa, ndiye atakayechimba kaburi, na kabla hujazika atalala ndani yake agome kutoka mpaka umpe jogoo. Atamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na waliokuwa wanalia watacheka kwa machozi yale yale. Msiba usio na mtani ni msiba wa mgeni wa njiani.

Kwa hiyo nilijiona niko ndani ya sheria. Namtania mtani wangu, kosa liko wapi?

Jumapili nne banda lilijaa. Watoto wa mji mzima wakaishika ile sauti. Benedikto akishuka mtumbwini na samaki wake, wanamngoja: "Bwana Kapteni, nakufa mieee!" Wanatoa macho, wanakimbia. Binti yake, aliyekuwa darasa la tano, akaacha kwenda kumpokea baba yake mtoni. Hayo niliyasikia, na nilicheka. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Wahenga walitujua.

Jumapili ya tano Benedikto aliingia bandani. Hakukaa. Alipita katikati ya watoto, akaenda kusimama mbele ya televisheni.

"Endelea, mtani," akasema. "Nimekuja kujibu."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kwenye kipaza sauti. "Kaa chini, unawazibia watoto. Umbo lenyewe kama gunia la pumba!"

Hakunirudishia. Na mtani asipojibu, kuna jambo.

Akaigeukia televisheni. Yule mtumishi alikuwa anakimbia, ameona panya. "Wewe mzee mwenzangu, mbona unakimbia? Nani kakufundisha kukimbia hivyo?" Mtumishi akaendelea kukimbia. Benedikto akangoja, kama mtu anayengoja jibu la kweli. Kisha akanitazama. "Umeona? Hanisikii. Na aliyemtuma akimbie hanisikii pia. Amenitania halafu akaondoka. Nimfuate wapi nimjibu? Ana msiba lini nikalale kaburini kwake?"

Jenereta ikakohoa nje.

"Na wewe, mtani, humo ndani ni nani?"

Mtoto mmoja akadakia, "Yeye ni Kapteni!"

"Kapteni," akasema Benedikto polepole. "Mwana wa mvuvi, mkata miwa, sura kama yangu. Kapteni." Akasogea hadi nikasikia harufu ya samaki kwenye shati lake. "Basi tafuta mtani mwingine. Mimi na ukoo wangu tumetoka."

Akaondoka. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho, lakini siku hizi nakijua kinapolala. Nikasema, aende zake, banda limejaa.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wakati huo. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na kila mtu alijua maana yake. Habari zikamfikia kitandani. Akaniita.

"Gaspari, mimi nakufa."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema. Nani atalala kwenye kaburi langu?" Nikamrekebishia shuka. "Umeuza watani wa baba zako kwa mkanda wa video. Unataka nifukiwe kimya kimya kama paka? Nenda Kivukoni kabla sijafika huko niendako. Na usirudi na maneno ya kunifurahisha."

Kesho yake nilikwenda na jogoo mwekundu na unga. Benedikto alikuwa anashona wavu. Hakuinua kichwa.

"Jogoo wa nini?"

"Wa kuomba radhi, mtani."

"Kosa ulifanya kwa mdomo, unalipa kwa kuku? Rudi na jogoo wako." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nataka kitu kimoja. Iweke tena ile picha, mbele ya watu wale wale. Usitafsiri wewe. Mwite Mwalimu Theodora atuambie wanasema nini kweli. Na nikikwambia simamisha, simamisha."

Mwanangu, hapo nilitoka jasho. Mwalimu Theodora alikuwa mstaafu, anakijua Kiingereza kama sala. Akitafsiri yeye, mji mzima utajua kwamba miaka miwili nimekuwa nawadanganya. Nilirudi nyumbani sijakubali wala sijakataa. Alhamisi mama akaacha kula. Ijumaa nikazunguka mitaa yote, hadi Lipangalala, natangaza picha.

Jumamosi mchana banda lilifurika. Mwalimu alikaa kwenye kiti changu. Hakutia chumvi wala sauti, alisema tu yaliyosemwa. Mwanzoni watu walinizomea, maana mambo yangu na ya kwenye picha hayakukutana kabisa. Nikavumilia. Kisha kapteni akamwita yule mtumishi.

"Anasema, njoo hapa, mtoto," akatafsiri Mwalimu.

Mama mmoja akauliza, "Mtoto yupi? Si yule ana mvi?"

"Ndiye huyo. Ndivyo anavyomwita mwanzo hadi mwisho. Jina hana."

Wakafika kisiwani. Binti mdogo wa kapteni anaonyesha wale wachezaji ngoma, anauliza jambo, baba yake anajibu, na wote melini wanaangua kicheko. Mwalimu akavua miwani. "Mtoto anauliza, baba, hawa ni watu? Baba anajibu, wanakaribia kuwa watu."

Pale, mwanangu, mimi nilikuwa nasema, "Karibuni ugali!" Na watoto wetu walikuwa wanapiga makofi.

"Simamisha," akasema Benedikto.

Nikasimamisha. Picha ikabaki inatetemeka, kapteni kafungua mdomo. Nilidhani Benedikto ataivunja televisheni, na nilikuwa nimeamua kutomzuia. Badala yake akajishika kiuno.

"Wewe Kapteni," akamwambia, kwa ile ile sauti yake nyembamba. "Na hiyo kaptula yako. Mimi ndiye ninayevusha watu hapa. Siku ukija Kivukoni nitakuuliza swali hilo hilo katikati ya maji, mamba akiwepo atusaidie kuamua!"

Banda likalipuka. Halikuwa cheko la zile Jumapili nne. Mtu mwingine akasimama akamjibu kapteni lake, na mwingine, hadi bibi kizee mmoja akauliza nani atapika chungu kikubwa namna ile bila chumvi. Tulipomaliza kujibu, Benedikto akaniambia, "Haya, washa, tuone mwisho wake." Mbwa alipoiba mkate mezani, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unacheka tena?" nikamwuliza.

"Mbwa hajanikosea kitu."

Mama alifariki Jumanne. Siku ya kumzika nilisimama ukingoni mwa kaburi sijui litakuwaje, maana Benedikto hakuwa amesema neno la kunisamehe. Padri akafunga kitabu. Ndipo nikamwona anapenya watu, anavua viatu, anashuka, analala chali mle ndani. "Sitoki! Huyu bibi kanilia samaki miaka yote kwa ahadi za uongo! Kapteni, sasa lete jogoo wako!"

Nililia kwa sauti, mwanangu, na nilikuwa nacheka.

Sasa nikwambie nililofanya wiki iliyopita. Flashi nilimnyang'anya mkwe wangu, na baba yake Neema nikamwambia azime maneno yake. Mkwe wangu ana haki ya kukasirika, lakini ukiitupa chooni, mtoto ataiona kwa jirani, na kule hutakuwepo. Baba yake Neema anasema ni picha tu. Mimi nilisema ni utani tu, na kidogo mama yangu azikwe kama paka. Tukakaa wote kwenye mkeka, hata wale wa Morogoro, tukaitazama. Ilipofika kwenye chungu nikasimamisha. Nikawauliza: Huyu mwenye majani anaitwa nani? Ana mama? Nani aliyekuwa ameshika kamera? Hawakujua. Nikamwambia Neema, mjibu. Aliona haya, akasogea mbele, akasema, "Mimi nakula wali na samaki, na wewe hukualikwa." Kesho yake hakuna aliyetaka kuwa kapteni.

Basi hizo picha za zamani zitazame hivi. Usimweke mbele yake mtoto ambaye bado hajui kujibu, mngoje akue. Usimwache atazame peke yake. Simamisha panapouma, sema wazi kwamba hapa wametukosea, usipake asali kama nilivyopaka mimi. Palipo pazuri, cheka, imba nao, huna deni kwa kufurahi. Na kama picha imejaa matusi tupu, haina hata mbwa wa kuchekesha, izime, maisha ni mafupi. Aliyetengeneza keshakufa, haulizwi tena. Lakini anayetazama yuko hai, ana mdomo, na watoto wako wanamwangalia anachekea wapi.

Mungu akupe macho yasiyotishwa na ulimi usiouzwa. Akupe watu wa kukujibu ukikosea, na masikio ya kuwasikia kabla msiba haujaingia.

Mimi leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Lipangalala, vyumba vitano. Ekari tisa za mpunga upande wa Sanje. Mashine ya kukoboa, moja. Ng'ombe wanne, pikipiki mbili. Wajukuu saba. Na mtoto wa kiume wa marehemu Benedikto, ambaye jana sokoni ameniita mbwa mbele za watu.

Nimemwita nguruwe.