Mmasai wa Tutani

Kila gari linalokwenda kreta ya Ngorongoro hupunguza mwendo kwenye lile tuta la Karatu, na hapo ndipo ombaomba wa mji wetu walipofungua ofisi. Siwaiti maskini. Maskini nawajua, wako shambani wanapalilia. Hawa wa tutani wana zamu. Mmoja anafuta kioo chako kwa tambara chafu kuliko kioo chenyewe, mwingine anamvika mgeni bangili kabla hajakataa, na ukipandisha vioo wanagonga mpaka abiria wako waanze kupapasa mikoba.

Mimi ni dereva wa utalii, na kwa ajili ya tuta lile nilikuwa na hotuba. Tukilikaribia, niliwaambia wageni wasitoe kitu. Kisha niliongeza, kifua mbele, kwamba sisi Wairaqw wa hapa ni watu wa jembe, hatuombi. Hao waombao wametoka kwingine. Wageni waliipenda sana hotuba hiyo. Siku ya mwisho ya safari walinipa bahasha ya shukrani, nami niliipokea kwa tabasamu nililolifanyia mazoezi. Kwa hiyo katika mambo ya kuomba, mimi si mtoto mdogo.

Kiangazi kilichopita akatokea mwombaji mpya aliyewafunika wote. Mzee mrefu, shuka jekundu, makubazi ya tairi, fimbo. Huyu haombi, anakamata. Aliilaza fimbo juu ya boneti ya gari langu, akabandika paji la uso kwenye kioo cha mgeni wangu, mama mmoja mwenye kofia pana, akalia: "Ng'ombe yote nakufa! Mimi nataka kula!" Mama yule akatoa simu ampige picha.

Nilishusha kioo changu nimfokee. Ile sauti nikaitambua. Alikuwa mjomba wangu wa kijiji cha Baray, kaka wa mama yangu, ambaye maishani mwake hajawahi kuwa na ng'ombe zaidi ya wawili wa kulimia, na mmoja wao alimwuza ili mimi nikasomee udereva. Mwenyekiti wa kwaya. Mtu aliyekuwa akinisahihisha Kiswahili tukiwa tunakula, sasa anakivunja kama kuni. Nilikuwa nimesikia kwamba vitunguu vyake vimeozea shambani. Lakini mgeni gani atampiga picha mzee mwenye suruali ya kitambaa aliyeozewa na vitunguu? Wageni wanataka njaa iliyovaa shuka.

Gari la nyuma yangu likapiga honi. Dereva wake akashuka, Mmasai halisi wa Ngorongoro, amevaa jinzi na miwani ya jua. Akamsemesha mzee Kimasai. Alipoona haeleweki, akahamia kwenye Kiswahili, taratibu.

"Mzee, wewe ni wa rika gani?"

Kwa Mmasai hilo si swali la kufikiria. Mwanamume akishatahiriwa, rika lake analijua kama anavyolijua boma lao. Mjomba alifikiri. Sisi Wakristo wa huku tukiulizwa tulikua na nani, tunahesabu kwa sakramenti.

"Kipaimara cha kwanza cha Baray," alijibu, kwa Kiswahili safi kabisa.

Madereva waliokuwa wamepanga foleni nyuma yetu walicheka mpaka wakaegemea magari. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Yule Mmasai peke yake hakucheka.

"Vua," alisema. "Hiyo ni nguo ya baba yangu."

Kicheko kikaniishia. Nilijua la kufanya: nishuke, nimwamkie, niseme huyu ni mjomba wangu, mwacheni. Neno moja lingetosha; kwetu mzee mwenye mpwa havuliwi nguo barabarani. Lakini ningeshukaje, na ile hotuba yangu ya watu wa jembe wageni hawajaimeza bado?

"Unamfahamu?" aliniuliza mama mwenye kofia.

Nilitikisa kichwa kukataa. Tuliongea Kiingereza, ambacho mjomba hakijui, lakini kichwa kikitikiswa hakihitaji mkalimani, naye alikuwa ananitazama. Akalivua shuka mwenyewe, akalikunja vizuri kama kitambaa cha altare, akamkabidhi yule dereva wa Kimasai. Ndani alikuwa amevaa fulana ya kwaya. Alipovuka barabara alipitia dirishani kwangu, kioo kikiwa bado wazi. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, nadhani.

"Msalimie mama yako," alisema kwa Kiiraqw, polepole. "Mwambie sijambo."

Mama mwenye kofia akataka kujua mzee amesema nini.

"Anaomba hela," nikamwambia, nikatia gia.

Mama yangu yu hai, namwona kila Jumapili baada ya misa. Huwa ananiuliza kama huko barabarani nimewahi kukutana na kaka yake. Salamu ile sijaifikisha.