Léonce na Kilima cha Montcharme

Siku habari ilipofika, Huguette Perraudin alikuwa dirishani akikung'uta mashuka ya wageni. Alimwona Ghislain, rafiki wa mdogo wake, akipanda kilima kwa baiskeli bila kupumzika kwenye kona ya msalaba, mahali ambapo watu wote wa umri wao husimama na kujifanya wanatazama ng'ombe. Alifika uani akihema, akashuka, na badala ya kuiegemeza baiskeli ukutani akailaza chini, upande wa cheni.

Hapo Huguette akajua. Ghislain alikuwa amewagombeza watoto, watalii na hata padre kwa kulaza baiskeli upande wa cheni.

“Ni Léonce,” alisema Huguette.

“Ni Léonce, dada. Nimemkuta kwenye benchi la stesheni, kipande cha mkate na soseji mkononi. Nikadhani amesinzia. Nikamwambia, amka mvivu we, wageni wanangoja baiskeli zao.” Ghislain akavua kofia. “Nimemtukana maiti, dada. Mungu anisamehe.”

“Angekuwa hai angekutukana vizuri zaidi,” alisema Huguette. Kisha akaketi kwenye ngazi, shuka mapajani, akalilia ndani yake mpaka ikabidi lifuliwe upya.

Léonce Perraudin alizaliwa katika nchi ya vilima na misitu ya mialoni, na alivichukia vilima kama paka anavyochukia maji. Alikuwa mnene tangu utotoni. Treni ilipoacha kupita bondeni na reli zikang'olewa, wenzake walisikitika, lakini yeye aliona amepewa zawadi. Halmashauri ilimwaga kokoto laini pale zilipokuwa reli, ikasimika nguzo kila njia panda ili gari lolote lisiingie, na Léonce akapanga jengo la stesheni akaanza kukodisha baiskeli.

“Treni ni nene kama mimi,” alikuwa akiwaambia wageni huku akiwajazia upepo magurudumuni. “Haiwezi kupanda. Kwa hiyo wakubwa walipasua milima, wakajaza mabonde, wakamtengenezea mama mnene yule njia tambarare. Yeye kafa, mimi mrithi.”

Na kweli, njia ile ni raha. Unapita msituni kutwa nzima, kijito upande mmoja, kunguru na vigogota upande mwingine, wala husikii injini. Kuna handaki moja fupi, na Léonce alikuwa na sharti kwamba kila anayepita humo apige kengele ya baiskeli mpaka atoke upande wa pili. Ukimwuliza kwa nini, anasema mlima umelala na si adabu kumpita mtu aliyelala bila salamu.

Tatizo lilikuwa jioni. Nyumba ya wageni ilikuwa ya Huguette, na ilikuwa Montcharme, juu kabisa, jirani na kanisa. Léonce hakuwa na desturi ya kulitaja jambo hilo.

“Hakuna kilima, mama, nakuapia,” aliwaambia watu. “Dada yangu anakaa hapo hapo, juu kidogo.”

Mholanzi mmoja, mwanamke mrefu, aliwahi kuingia jikoni kwa Huguette akiwa mwekundu kama nyanya, kofia ngumu imemkaa upande.

“Mdogo wako ni mwongo!”

“Ndiyo, ni mwongo tangu alipoanza kusema,” alijibu Huguette. “Supu iko tayari. Kaa.”

Mwanamke yule alirudi kila kiangazi baada ya hapo, na kila mara alianza kwa kumtukana Léonce kabla ya kumbusu mashavuni.

Lakini Jumapili Léonce mwenyewe alilazimika kupanda, maana Misa iko juu. Hakukosa Misa. Tena alikuwa wa kwanza kuondoka bondeni na wa mwisho kuingia kanisani. Hakupanda moja kwa moja kama binadamu wengine. Alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma kutoka mtaro wa kushoto hadi mtaro wa kulia, kisha akarudi kushoto, na hivyo hivyo hadi juu. Huguette alikuwa akimngoja dirishani, amekwisha kuvaa koti la kanisani.

“Léonce! Unaishona barabara?”

“Nakidanganya kilima, dada! Kikidhani naenda pembeni, hakikasiriki!”

“Padre amekwisha kuanza!”

“Mwambie asome taratibu!”

Pasaka ya mwisho, wakiwa mezani mbele ya mguu wa mwanakondoo, Léonce aliweka uma chini. Hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha watu.

“Siku yangu ikifika, msinipandishe kwa injini. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba kwangu gari halihitajiki. Nitaonekana mwongo.”

“Tayari wewe ni mwongo.”

“Basi mwongo mara mbili. Niahidi, dada.”

Huguette aliahidi huku akicheka, mdomo umejaa nyama. Lakini ahadi ya mezani siku ya Pasaka, kwa Huguette, ilikuwa ahadi kama ya ubatizo. Ndiyo maana Bwana Thévenot wa mazishi alipokuja kutoka mjini na gari lake refu jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, yeye alilitazama kama anavyotazamwa mchumba asiyetakiwa.

“Injini yake haina kelele hata kidogo, Bibi,” alisema Bwana Thévenot.

“Lakini ipo?”

“Ipo, Bibi.”

Huguette akaenda kwa padre. Padre Barthélemy alitoka Benin, na vijiji vyake vya kuhudumia alivizungukia kwa baiskeli aliyopewa na Léonce. Huguette alimkuta anasafisha miwani.

“Padre, jambo la kwanza. Amekufa bila mafuta matakatifu. Na soseji mkononi. Siku ya Ijumaa, na nyama hailiwi.”

Padre alifikiri. “Alikuwa amekwisha kuila?”

“Nusu.”

“Basi nusu alijinyima. Nusu nyingine tutamwombea.” Akamshika mkono, akaacha utani. “Mama Huguette, nilimwungamisha juma lililopita, pale pale kwenye benchi. Usiogope.”

Huguette alifuta macho. “Jambo la pili. Kanisa linasemaje mtu akienda kuzikwa juu ya tela la baiskeli?”

“Kanisa linasema mwili uheshimiwe. Kuhusu dizeli sikumbuki agizo lolote.”

Siku ya maziko Ghislain alileta tela alilokuwa akibebea kuni. Alikuwa amelisugua, akatia grisi magurudumuni, na Huguette akatandika juu yake shuka lile alilolilia, sasa limefuliwa na kupigwa pasi. Bwana Thévenot alizunguka tela mara kadhaa, akavuta kila mkanda kwa mkono wake.

“Na breki?” aliuliza.

“Breki ni sisi,” alijibu Ghislain. “Ila leo sitarajii mwendo kasi.”

Walitoka stesheni asubuhi, msafara mzima wa baiskeli, Padre mbele na kanzu ameipandisha hadi magotini, Ghislain na vijana wawili wa kijijini wakivuta tela, Huguette akitembea nyuma yake na rozari. Gari jeusi lilizungukia barabarani likiwa tupu, kwa sababu ya nguzo zile. Msitu ulikuwa umeanza kugeuka manjano. Walipofika handakini hakuna aliyetoa amri. Kengele zote zililia kwa pamoja, kubwa na ndogo, mpaka Huguette akasahau alikuwa amefikia Salamu Maria ya ngapi, akaanza upya.

Kisha njia tambarare ikaisha, na kilima kikaanza.

Walipanda vizuri mpaka kona ya msalaba. Hapo magurudumu yakaanza kurudi nyuma. Ghislain alikuwa amebadilika rangi. Watu walisukuma, wakateleza, wakasukuma tena, na tela halikusogea. Ng'ombe walikuja kwenye uzio kutazama, na safari hii wao ndio waliokuwa wanatazama watu. Gari jeusi lilikuwa limesimama nyuma yao barabarani, injini inanguruma kwa upole.

“Bibi,” alisema Bwana Thévenot, na hakusema kwa kejeli, “kamba ninayo. Ni hatua chache tu zilizobaki. Hakuna atakayekulaumu.”

Huguette alilitazama jeneza. Alikuwa amechoka. Karibu wote walikuwa wazee, wameketi kwenye majani wanahema, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu ya tela, na hata Padre alikuwa ameshika kiuno. Alifumba macho aombe, na alipofumba hakuona malaika yeyote. Alimwona Léonce katika koti lake la Jumapili, anakwenda mtaroni.

“Mnampandisha vibaya,” alisema.

“Vibaya vipi, dada?” Ghislain alikuwa karibu kulia. “Juu ni huko!”

“Yeye alipanda hivyo lini? Kateni upande! Nendeni mtaro wa kulia, kisha mrudi kushoto. Kidanganyeni!”

Ghislain alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko kikubwa kilichowashtua ng'ombe. “Haya jamani! Tunashona barabara!”

Bwana Thévenot alimwamuru dereva wake aliache gari pale chini, limeziba barabara, taa zikiwaka, ili mtu yeyote asiwapitie kwa kasi. Kisha akavua koti lake jeusi, akalikunja vizuri, akalitundika msalabani, akaja kusukuma. Wakaenda kulia hadi mtaroni, wakageuza tela, wakaenda kushoto. Tela likapanda. Kila walipogeuka Ghislain aliita, “Bado hakijatuona!” akikisema kilima, na watu wakacheka na kulia na kusukuma. Iliwachukua muda mrefu kama ulivyokuwa ukimchukua yeye. Mtu wa kengele kanisani alikuwa amechoka kungoja, akaanza kugonga kabla hawajafika, na Huguette akapaza sauti kuelekea mnarani, “Gonga taratibu!”

Misa nayo ilisomwa taratibu. Baadaye walimbeba mikononi hadi makaburini, nyuma ya kanisa, mahali tambarare, karibu na ukuta wa mawe unaotazama bonde. Padre Barthélemy alinyunyiza maji ya baraka na kusoma sala. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Huguette alitupa udongo kwanza, kisha Ghislain, kisha wengine kwa zamu. Bwana Thévenot alifunika kichwa cha kaburi kwa maua ya porini ambayo watoto walikuwa wamechuma njiani. Walipomaliza walisema Baba Yetu pamoja. Ghislain alikwenda kuichukua baiskeli ya Léonce, iliyokuwa imeletwa na msafara, akaiegemeza kwenye ukuta wa mawe, upande wa cheni ukiwa nje. Kisha wakaenda kwa Huguette kula.