Fundi wa Pini Mdomoni

Mjane anamkumbuka hadi leo yule mama fundi wa chumba cha kona: futi shingoni, chaki nyuma ya sikio, pini tatu nne mdomoni, ndiyo maana alisikiliza kuliko kusema. Wateja walimmwagia ya moyoni akiwapima mabega, naye akiguna tu, "Mmh, pole mwanangu." Alimtaja Yesu kama mtu anavyomtaja jirani yake, katikati ya maneno ya vifungo na pindo. Siku mjane alipokwenda kupimwa gauni la msiba, uchungu ulimpanda. "Huyo Yesu wako, mama, mbona kaniachia kitanda kitupu?" Fundi alizitoa pini moja moja, akaketi sakafuni. "Nami nilipomzika mume wangu nilimgombeza Yesu mwaka mzima, mwanangu. Hakunisusa. Nikuombee?" "Hapana." "Haya, inua mkono nipime." Hakununa, wala hakurudia. Wiki iliyofuata mjane alichukua gauni lake, akafika mlangoni, akasita. "Mama, yale maombi... bado yapo?" Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani, akamvutia kigoda. "Nilishaanza peke yangu tangu siku ile. Njoo tuendelee."