Programu ya Toa Utakacho

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na Dubai haikunisaidia. Ukiishi mtaa wa Karama, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao na mapazia, unajifunza kujiuliza "huyu anataka nini?" kabla ya kusema asante. Mtu akinipisha kwenye metro, nashika mkoba. Mtu akinipigia simu kuniambia nimeshinda zawadi, simngoji amalize. Ndivyo nilivyo, na sioni haya.

Kwa hiyo bado nashangaa kwamba ni mimi, si mwingine, niliyegawa kitu cha bure.

Kazi yangu ni makaratasi. Niko kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, ghorofa ya tatu. Ankara, orodha za mizigo, vyeti: navipiga skani na kuvipeleka kwenye mtandao wa forodha. Mtandao ule una nongwa. Faili likiwa zito unalikataa, mzigo unabaki pale pale, na mteja anapiga simu mpaka sikio linawaka. Wenzangu walikuwa wakipeleka karatasi za wateja kwenye tovuti za bure zinazopunguza uzito wa mafaili. Mimi moyo ulikataa. Karatasi ina bei, ina majina, halafu unamtupia mtu usiyemjua aliko wala anachoifanyia? Basi nikakaa Jumamosi zangu nikaandika programu yangu mwenyewe, ndogo, isiyohitaji intaneti kabisa. Unaweka faili, unabonyeza, linatoka jepesi.

Mwalimu wangu wa kompyuta kule Mombasa alikuwa na sanduku la disketi za zamani, na alipenda kutusimulia enzi zake. Zamani hizo, alisema, mtu alitengeneza kiprogramu cha kurudisha faili lililofutwa au cha kuifanya printa itii, akakigawa kwa disketi, mkono kwa mkono. Kunakili hakukuwa wizi, uliombwa unakili. Ukikipenda, unamtumia mwenyewe chochote kwa posta. Darasa zima tulicheka. Nikamuuliza, na nani alituma? Akasema walituma, tena si haba. Sikumwamini, lakini neno lile lilinikaa kichwani miaka yote.

Ndiyo maana programu yangu ilipokamilika niliiwekea kidirisha kinachofunguka mwanzoni, kwa Kiswahili na Kiingereza: "Ni ya bure. Mpe na mwenzako. Ikikufaa, toa utakacho." Chini yake nikaandika ghorofa na kampuni yetu. Akaunti ya benki sikuandika. Nchi hii hukusanyi pesa za watu bila kibali, na mimi sina hamu ya kujieleza kwa polisi.

Nikawapelekea makarani wa kampuni nyingine za jengo letu, kwenye flashi. Ungedhani nimewapelekea nyoka. Kijana mmoja wa Nairobi aliishika ile flashi kwa vidole viwili. "Sista, hii Dubai hakuna kitu free," akaniambia. "Sema ukweli, unataka password zetu?" Dada mwingine aliniuliza kama nimeanza biashara ya mtandao, ile ya kuingiza watu chini yako. Sikukasirika. Ningekuwa wao, hata ile flashi nisingeigusa.

Aliyeichukua ni mzee mmoja Mzanzibari, karani wa kampuni ya vipuri vya magari, ghorofa ya kwanza. Ana miaka mingi hapa lakini ulimi wake haukuhama Unguja. Wiki moja baadaye alinikuta kwenye lifti, akanishukuru kama niliyemtibu. "Mwanangu, kidude chako kile kimenipumzisha roho. Siku hizi magharibi naswali kwangu, na mke wangu." Siku iliyofuata akapanda na hotipoti. Ndani mna pilau, na harufu ilijaa ofisi nzima.

"Ya nini tena, mzee wangu?"

"Si umeandika mwenyewe? Toa utakacho. Mama kasema akitakacho yeye ni kukupikia."

Nilikula, lakini sikula kwa amani. Nilikuwa najiuliza huyu mzee anataka nini. Labda anataka niwafanyie programu nyingine. Labda ana mpwa anayetafuta kazi kwetu. Hata hivyo hotipoti ya watu ilikuwa mikononi mwangu, na mimi ni mtu wa Pwani. Kwetu ukiletewa chakula, chombo hakirudi kitupu; ukikirudisha hivyo, ni kama umewatukana. Jumatano jioni nikagombania jiko la Karama na wapangaji wenzangu, nikapika mahamri, nikaijaza, kesho yake nikaishusha ghorofa ya kwanza.

Sasa, mke wa mzee naye ni wa Unguja. Atapokeaje mahamri yangu akae kimya? Ikarudi na mkate wa kumimina. Nikairudisha na viazi karai. Ikarudi na katlesi. Kila mmoja anamshukuru mwenziwe kwa shukrani ya juzi, na hakuna anayejua pa kuachia. Mpangaji mwenzangu, Mtanzania anayefanya kazi saluni, akawa ananitazama nikikaanga. "Huyo mzee ana mke kweli, dada yangu?" Nikamwambia ashike lake.

Mimi nikiwaza mapishi, sir alikuwa anawaza mengine. Sir ndiye meneja wetu. Hana kelele, na hilo ndilo linalotisha. Miezi ile wateja wawili walituhama, wakaenda kwa kampuni ileile inayowasafirishia vipuri akina mzee. Sir alikuwa anatafuta tundu linalovuja. Akaangalia kamera za mlangoni, akaona karani wake akishuka na chombo chenye kifuniko, na karani wa watu akipanda nacho.

Akaniita. Alikuwapo na fundi wa kompyuta wa kampuni.

"Kuna nini ndani ya kile chombo?"

"Chakula, sir."

"Kila mara?"

"Kila mara, sir."

Akageuza kompyuta yake. Kidirisha changu kilikuwa wazi kwenye kioo, na maneno yangu yakinikodolea macho. "Toa utakacho," akasoma kwa Kiingereza, polepole. "Toa kwa ajili ya nini? Unauza nini humu?"

Ukaazi wangu umefungwa na kazi hii. Kazi ikienda, visa inafutwa, na mimi ni wa kurudi Kisauni, kwa mama yangu na mwanangu aliyeanza sekondari, wote wawili wakiishi kwa mshahara huu. Niliogopa, na niliona hasira pia, kwa sababu alichokuwa ananishuku nacho ndicho hasa kilichonifanya niiandike ile programu. Mimi ndiye niliyekataa kutupa karatasi za wateja mtandaoni!

Fundi, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa haki. Alichomoa waya wa intaneti, akaendesha programu, ikafanya kazi. Akaurudisha waya, akakaa akiichungulia kwa muda mrefu. "Haitumi kitu nje, sir. Ni safi."

"Basi wanamlipa kwa nini?"

Mzee alipopata habari alipanda mwenyewe, bila kuitwa, kanzu yake imenyooka. Akamweleza sir kwa adabu kwamba kitu cha mwenzio kikikufaa hukai nacho hivi hivi, na chombo hakirudi kitupu. Nilitamani anyamaze. Kila neno alilosema kunitetea, sir alilisikia upande wa pili.

"Kwa hiyo unakiri," sir akasema. "Mnamlipa wali."

Mwisho sir hakunifukuza. Hakuwa na ushahidi, na bila mimi makaratasi yangelala. Lakini alinisainisha: sitapokea wala sitatoa kitu chochote kwa mtu wa ofisi ile. Kidirisha kifutwe. Na hotipoti, iliyokuwa chini ya meza yangu tangu zile katlesi, irudi leo hii. Tupu. Mlinzi aikague.

"Sir, siwezi kuirudisha tupu."

"Kwa nini?" Macho yake yaliwaka, nikajua nimejiharibia. Nikasaini.

Mlinzi, Mganda mpole, aliifungua, akaiinamisha, akagonga kitako. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nishuke ndege hapa. Nikashuka nayo. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, kama kawaida yake, na mikono ikajua kabla yake. Akanitazama.

"Nimeandikishwa, mzee wangu. Ni kazi yangu."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alinirudishia. "Mwanangu, hii siipokei. Nikimpelekea mama hivi, ataumia bure. Kaa nayo. Utaileta siku ukiweza."

Nikapanda nayo tena. Mlinzi akaifungua tena, akanihurumia. Sir alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, akiningoja.

"Mbona imerudi?"

Nilikuwa nimechoka kuogopa. "Hataki kuipokea tupu, sir."

Kwa mara ya kwanza tangu yaanze hayo, uso wake ulilegea. Alionekana mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Ahaa. Kwa hiyo anataka malipo."

Nilitaka kumkatalia, halafu nikaona haina faida. "Ndiyo, sir."

"Kiasi gani?"

"Chochote, sir."

Akafikiri. Akaingia ndani, akafungua kabati la zawadi za wateja, akatoa boksi la tende, zile nzuri zenye lozi ndani. Akalitia kwenye hotipoti kwa mkono wake mwenyewe, akafunika, akakaza. "Mpelekee. Mwambie imetoka kwangu. Mwambie khalas, hesabu imefungwa, sitaki kuiona tena kwenye ghorofa yangu."

Nikashuka mbio. Mlinzi akafungua, akaona tende, akanitazama, nikamwambia ni za sir. Mzee aliposikia zilikotoka aliweka mkono kifuani, akasema Mungu amzidishie. Niliporudi kwenye meza yangu nililia kidogo, kwa furaha na kwa ghadhabu pamoja, halafu nikakifuta kidirisha kama nilivyosaini.

Jumatatu lifti ilifunguka na mzee akatoka, hotipoti mikononi, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Hakunijia mimi. Alinisalimia kwa mbali, akaenda moja kwa moja mpaka kwa sir, akaiweka mezani pake, akampa mkono, akateremka zake. Ofisi nzima ikanusa biriani.

Sir aliniita. Hakuwa ameigusa. Alikuwa ameegemea nyuma kwenye kiti, akiitazama.

"Niambie ukweli," akasema. "Huyu mtu anataka nini kwangu?"

"Hataki kitu, sir," nikamwambia. "Lakini usiirudishe tupu."